Kidole tumbo angani: kushuka, dawa, roboti au kisu?

Kijana_Njiro (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Chuoni tuna mdahalo. Mwanaanga akishikwa na kidole tumbo kwenye kituo cha anga cha kimataifa (ISS), kilomita 400 juu, kipi bora: arudishwe, apewe antibayotiki, apasuliwe na wenzake, au apasuliwe na roboti inayoongozwa na daktari aliye duniani? Mimi nasimama na roboti.

Mama_Usingizi (Moshi)
Mwanangu, roboti imejaribiwa kweli. Februari 2024 madaktari wakiwa Lincoln, Nebraska, waliiongoza spaceMIRA ikakata vipande vya mpira ndani ya ISS. Ila mpira hautoki damu.

Nafanya kazi ya kulaza wagonjwa usingizi, na kwangu shida inaanza kabla ya kisu. Gesi ya usingizi ikivuja kwenye chumba kilichofungwa, wote wanaivuta. Kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, tunategemea uzito wa dawa uifanye ituame upande tunaoutaka. Kule hakuna kutuama. Dripu haishuki bila pampu, na mapovu ya hewa hayajitengi na maji. Kinachobaki ni ketamini, dawa ya usingizi ya kuchoma mshipani, ileile inayookoa watu hospitali zetu za wilaya. Halafu tumbo likifunguliwa, utumbo unaelea kutoka nje, na damu inajikusanya juu ya kidonda. Ukiigusa vibaya inatawanyika chumba kizima.

Hadi leo hakuna binadamu aliyepasuliwa angani. Mwaka 2006 Wafaransa walimtoa mtu uvimbe mkononi, lakini ilikuwa ndani ya ndege iliyorushwa ili uzito upotee kwa sekunde chache chache.

Mzee_wa_Marangu
Dada yangu amesema. Huku Mlima Kilimanjaro mgeni akianza kuchanganyikiwa pale kambi ya Kibo, mita 4,720, hatusubiri kuche. Machela ya gurudumu, tunashuka kambi ya Horombo usiku huohuo. ISS nayo ina chombo cha kurudia kimeegeshwa muda wote. Soyuz, chombo cha Warusi, ikishajitenga na kituo inatua baada ya saa tatu na nusu hivi. Wasovieti walifanya hivyo 1985: mwanaanga wao Vasyutin aliugua kwenye kituo chao cha anga Salyut 7, safari ikakatizwa.

Kijana_Njiro
Shikamoo mzee. Na wakiwa njiani kwenda Mars?

Mzee_wa_Marangu
Marahaba. Hapo sina jibu, hakuna pa kushukia.

Mama_Usingizi
Na roboti yako inaishia hapohapo. Ujumbe unaweza kuchukua dakika 20 kwenda tu. Mshipa ukikatika, amri inafika mtu ameshakufa. Ningeanza na antibayotiki na ultrasaundi. Kuna mwanaanga wa ISS, kisa chake kilichapishwa 2020, aliyekutwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa shingo. Alijipima mwenyewe akielekezwa kutoka chini, akatibiwa kwa sindano, kisha vidonge vilivyopelekwa na chombo cha mizigo. Mars hakuna wa kukuletea vidonge.

Fundi_Vifaa_Tiba (Arusha)
Kwa nini wasitolewe kidole tumbo kabla ya kuondoka? Australia inawadai hivyo madaktari wake wanaokaa majira ya baridi Antaktika.

Mama_Usingizi
Naunga mkono, lakini haitoshi. Mifupa inapoteza kalsiamu kule, mawe ya figo yanakuwa hatari zaidi, na ajali hazikatwi mapema. Antibayotiki nazo: utafiti wa Finland ulionyesha karibu wanne kati ya kumi kidole tumbo kiliwarudia ndani ya miaka 5. Kwa Mars nataka daktari wa upasuaji ndani ya chombo, tena wawili. Aprili 1961 Msovieti Rogozov alikuwa daktari pekee kituoni kwake Antaktika, ikabidi ajipasue mwenyewe kidole tumbo. Alipona, lakini huwezi kupanga safari ya miaka miwili au mitatu kwa kutegemea hilo.

Kijana_Njiro
Nabadilisha upande. ISS nitatetea kushuka, Mars nitatetea madaktari wawili. Mama, nikutumie hoja zangu uzipitie kabla ya Ijumaa?

Mama_Usingizi
Tuma. Weka na ketamini, wengi wataisahau.