Magavana na Hazina ya Kitaifa wanashtakiana, mbona mshahara unaokwama ni wa mwalimu wa chekechea?

Wanajamvi, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nimeajiriwa na kaunti kwa kandarasi. Kaunti gani sitasema, kwa sababu kandarasi yangu inakaribia kuisha na ofisi inayotoa barua ya kuongezwa muda ndiyo hiyo hiyo ninayoilalamikia hapa. Mshahara umechelewa tena. Tukiuliza ofisini tunajibiwa kwamba Hazina haijatuma pesa. Ukifungua redio jioni, watu wa serikali kuu nao wanasema kaunti zina pesa ila hazijui kuzitumia. Pande zote mbili zina majibu, na mimi nazunguka njia ya nyuma nisikutane na mwenye nyumba.

Nianze na hoja ya magavana, maana najua kuna watakaosema nimetumwa na serikali kuu. Hoja wanayo. Kifungu cha 219 cha Katiba ya Kenya kinaagiza mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa na bila kukatwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka pesa zitolewe mwanzoni mwa kila robo ya mwaka, zisipite siku ya 15. Maneno hayo hayahitaji wakili. Lakini tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, ratiba hiyo inavunjwa kana kwamba iliandikwa kwa penseli.

Kumbukeni 2019. Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikashikilia bilioni 335, na mwezi Julai, mwaka mpya wa fedha ukiwa umeshaanza, magavana wakaandamana kwa miguu hadi Mahakama ya Juu. Walikuja kuelewana Septemba kwa bilioni 316.5. Halafu ikaja 2024. Vijana walijaa barabarani, Mswada wa Fedha uliokuwa na kodi mpya ukatupiliwa mbali mwezi Juni, na hasara yake ikatafutiwa mtu wa kuibeba. Kaunti zilikuwa tayari zimepitishiwa bilioni 400.1 kisheria. Serikali kuu ikataka zishushwe hadi bilioni 380, maseneta na magavana wakakataa, wakavutana hadi Disemba ndipo ikatiwa sahihi bilioni 387.4. Yaani kaunti ziliendesha nusu mwaka mzima bila kujua zitapata ngapi. Mwaka uliofuata Seneti ilitaka kaunti zipewe bilioni 465, zikatoka na 415.

Kwa hiyo wakienda kortini mimi nawaunga mkono. Pesa zikibaki Nairobi hazitanifikia mimi huku kijijini, hilo najua.

Hasira yangu inaanzia pesa zinapofika.

Kwa wasiojua, pesa zikitoka Hazina zinaingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, ambao uko Benki Kuu. Kaunti haiwezi kuzigusa hadi iandike maombi, na Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe. Baada ya hapo zinahamishiwa akaunti za matumizi, kisha ndiyo mishahara iende kwenye benki zetu. Sasa hapo mwisho ndipo foleni inapopangwa upya. Kwetu wakubwa wa idara na wawakilishi wa wadi huwa wa kwanza. Wanafuata wafanyakazi wa kudumu walio kwenye mfumo wa mishahara wa kompyuta. Sisi wa kandarasi tuko kwenye orodha inayoandaliwa kwa mkono, ile ambayo ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeilalamikia mwaka baada ya mwaka. Orodha hiyo inapita meza kwa meza ikitafuta sahihi. Karani akienda likizo imelala. Jina likikosewa herufi moja unasubiri mwezi ujao. Siku Hazina inapotangaza kwamba imetuma pesa, jirani zangu wananipongeza, wenye duka wanaleta daftari la madeni, na mimi sina hata ujumbe wa benki kwenye simu.

Na heri ingekuwa kuchelewa tu. Nilikopa kwenye chama cha akiba na mikopo nikamalizie diploma, kwa sababu kaunti ilisema wenye vyeti vya chini watapitwa na ajira. Kila mwezi rejesho linakatwa. Nimeliona kwa macho yangu kwenye karatasi ya mshahara, limeandikwa vizuri kabisa, shilingi na senti. Lakini chama hakijapokea. Kaunti imenikata pesa na haijazipeleka. Kwenye vitabu vya chama mimi ni mdaiwa sugu, riba inapanda, na wakaanza kuwapigia simu walionidhamini. Mmoja wa wadhamini wangu ni mwalimu mwenzangu, darasa lake na langu zinatenganishwa na ukuta wa mabati. Alipigiwa simu mbele yangu saa ya uji, watoto wameshika vikombe. Aliniangalia, akazima simu, akaendelea kugawa uji. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yeye pia hakuwa amelipwa, na bado alikuwa anatakiwa alipe deni langu ambalo nimeshakatwa.

Makato yaliyotoka kwenye mshahara wa mtu si pesa za kaunti. Hayangoji Hazina, hayangoji Seneti. Yameshatoka mfukoni mwangu. Mifuko ya pensheni nayo inazidai kaunti mabilioni kwa mtindo huo huo, kuna wazee wamestaafu na bado wanazungushwa. Gavana anayesimama mbele ya kamera kumshtaki Waziri wa Fedha kwa kukalia pesa za watu, aulizwe papo hapo: na wewe umekalia za nani? Madeni ya kaunti zote kwa wanakandarasi na wengine yamepita bilioni 170, na Hazina haikuwa ndiyo inayosaini kandarasi hizo.

Shule ninayofundisha ina waajiri wawili ndani ya ua mmoja. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, chekechea ni ya kaunti, msingi na sekondari ni za serikali kuu. Basi mwalimu wa darasa la tatu analipwa na Tume ya Huduma za Walimu, ana tarehe yake anayoijua. Upande wa sekondari msingi kulikuwa na walimu wanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hao waligoma 2024, korti ya masuala ya ajira ikasema mwezi Aprili mwaka huo kwamba kandarasi zile zilivunja haki zao, na hatimaye wakapewa ajira ya kudumu. Niliwafurahia kwa dhati. Sisi wa chekechea tunawapokea watoto hao hao wakiwa na miaka minne, tunawafundisha kushika kalamu na kwenda choo, na malipo yetu yanategemea umezaliwa kaunti ipi. Vuka mto, mwenzako mwenye cheti kama chako anapata zaidi, au chini zaidi. Tume ya Mishahara, Baraza la Magavana, kila mmoja ukimuuliza anakuelekeza kwa mwenzake.

Mgao wa masomo nao ni kizungumkuti. Mwanafunzi wa shule ya msingi anatengewa shilingi 1,420 kwa mwaka mzima. Chekechea haimo kwenye mgao huo kabisa, kwa kuwa ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo chaki, manila, unga wa uji, vyote vinangoja kaunti, na kaunti inangoja Hazina. Vikikosekana ni mimi ninayewaandikia wazazi waje na kitu kidogo. Mzazi hajui kifungu cha 219. Ananijua mimi, na mimi ndiye anayeona ni mwongo.

Na huko juu si nafuu. Sekondari ilipangiwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi tangu Januari 2018, na kiwango hakijapanda hadi leo, mkate na unga vikipanda kila kukicha. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi akawaambia wabunge kwamba serikali haiwezi hata hiyo, inaweza kama 16,900 tu. Wakubwa wenzake wakakimbia kutuliza watu kwamba elimu ya bure haijafutwa. Walimu wakuu walikuwa wanajua siku nyingi, kwa sababu wao ndio wanaohesabu kinachoingia.

Sasa hapo ndipo basari ya kaunti ilipokuwa inaziba pengo. Januari 2025, watoto ndio kwanza wanarudi shuleni, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o akatoa waraka kwamba kaunti zisitoe basari za sekondari na vyuo bila mkataba na serikali kuu, kwa sababu si kazi yao kikatiba. Kisheria alikuwa na msingi wake. Lakini Januari! Mzazi mmoja wa mtoto wangu wa darasani alinijia na fomu ya basari ya kifungua mimba wake. Ilikuwa imeshapita kwa chifu, imeshapita kwa imamu, mwalimu mkuu ameshaweka muhuri, karatasi imelainika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Aliniuliza kama waraka umeshaondolewa. Nimjibu nini? Magavana walikwenda kortini, Mahakama Kuu ikausimamisha waraka kwa muda, na kwa hilo nawapa heko. Ila mlijua tangu 2013 kwamba sekondari si jukumu lenu. Mkataba mmoja kati yenu na Wizara ya Elimu ungeandikwa mapema, mzazi yule asingesimama mlangoni kwangu. Wabunge kwa upande wao walikuwa wakigawa basari za CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, bila waraka wowote, na mfuko wao huo Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Septemba 2024, ikaupa muda hadi Juni 2026. Basari imekuwa mashindano ya nani aonekane amesomesha watoto wa watu kwa pesa za watu.

Wahudumu wa afya wa UHC, ule mpango wa afya kwa wote, mliwaona. Waliajiriwa na serikali kuu 2020 wakati wa corona, kwa kandarasi. Ikafika 2025 serikali kuu inataka kuwahamishia kaunti, magavana wanasema hatuwapokei bila pesa zao, na wao wenyewe wamepiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, kwa majuma mengi, wanalala kwenye lami. Hoja ya magavana ilikuwa ya haki tena: ukinipa mtu nimlipe, nipe na mshahara wake. Lakini aliyelala kwenye baridi hakuwa gavana wala waziri.

Nikiambiwa kaunti zifunge huduma ili kuishinikiza Hazina, nauliza, zitafunga zipi? Gari la gavana litaendelea kutiwa mafuta. Zitakazofungwa ni zahanati na chekechea. Magavana, mnatumia madarasa yetu kama silaha katika vita ambavyo hata mkishinda mshahara wetu bado uko mwisho wa foleni.

Ninachotaka ni hiki. Seneti ndiyo inayopitisha ratiba ya kutoa pesa za kaunti, basi iweke kwenye sheria kwamba pesa zikiingia, mishahara ya vyeo vya chini ilipwe kabla ya safari, kabla ya warsha, kabla ya posho za vikao. Makato yapelekwe siku ile ile mshahara unapolipwa, na afisa atakayeyakalia awajibike yeye binafsi. Walimu wote wa chekechea waingizwe kwenye mfumo wa kompyuta, ile orodha ya mkono ichomwe. Na Hazina ikichelewesha, riba ya mikopo ambayo kaunti inachukua benki ili ilipe watu itoke kwenye bajeti ya Hazina yenyewe. Labda hapo tarehe 15 itaheshimika.

Tusiambiwe mambo ya gharama kubwa ya mishahara. Kanuni inasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, sawa, nimeisoma. Anayevunja kiwango hicho si mwalimu mmoja anayefundisha darasa la watoto wanaobanana watatu kwenye kiti cha mmoja. Tafuteni wafanyakazi hewa na washauri wa gavana muwahesabu kwanza.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Tumeanza kuandika letu kwa Seneti na tunahitaji ushahidi kutoka kaunti nyingi, isije ikasemwa ni kelele za watu wachache. Kama umeajiriwa na kaunti, iwe chekechea, zahanati, vyuo vya kiufundi au usafi, andika hapa chini kaunti yako, kazi yako, tarehe mshahara wako wa mwisho ulipoingia, na kama makato yako yamefika yanakotakiwa. Ukiwa na karatasi ya mshahara pamoja na taarifa ya chama chako zinazopingana, zihifadhi, hizo ndizo zenye nguvu. Jina lako wala namba ya ajira msiweke. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye ofisi za fedha za kaunti, najua mnasoma humu, tuambieni orodha yetu huwa inakwama meza ya nani.