Kifyonzi cha polima kinashindwa kushika toluini hewa ikiwa na unyevu

Swali
Ndugu wanakemia, nimetengeneza chembe za polima kwa divinilibenzini na vinilibenzili kloridi, kisha nikaongeza viungo baina ya minyororo ndani ya dikloroetani, kwa kichocheo cha kloridi ya chuma. Kipimo cha nitrojeni kinaonyesha eneo la uso linalozidi mita za mraba 1,000 kwa gramu. Katika hewa kavu zinashika toluini (mvuke wa kiyeyushi) vizuri, lakini unyevu ukifika asilimia 60, toluini hutokea mapema mno upande wa pili wa neli niliyoijaza chembe hizo. Je, kasoro iko kwenye polima au kwenye upimaji?

Jibu la 1
Chembe zako zilioshwaje? Ikiwa methanoli inayotoka bado ina umanjano, kloridi ya chuma imebaki ndani ya vinyweleo, nayo hunyonya maji hewani kwa nguvu. Zioshe kwa methanoli yenye asidi ya hidrokloriki kidogo, kisha kwa methanoli tupu katika chombo cha Soxhlet (kinachoosha kwa kurudisha kiyeyushi safi tena na tena) mpaka itoke bila rangi, ndipo uzikaushe katika ombwe.

Jibu la 2
Kuosha ni lazima, ila mimi nashuku zaidi klorini ambayo haikushiriki katika kuunganisha minyororo, kwa sababu ikikutana na maji hugeuka kuwa vikundi vya haidroksili (oksijeni na hidrojeni) vinavyovuta unyevu. Pima kwa miale ya infraredi: mkanda mpana karibu na mawimbi 3,400 kwa sentimita ni dalili ya haidroksili (au ya maji, kwa hiyo kausha sampuli kwanza), na ule wa karibu na 1,265 ni wa klorini iliyobaki.

Jibu la 3
Eneo la uso lisikudanganye, maana nitrojeni hupimwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, juu ya sampuli iliyokaushwa kabisa, pasipo maji ya kugombania nafasi. Kabla ya kulaumu kemia, pitisha nitrojeni yenye unyevu uleule bila toluini, ukipima uzito wa chembe. Zikiongezeka uzito sana, wenzangu wana haki. Zisipoongezeka, chunguza neli: kipenyo chake kikiwa chini ya mara kumi ya kipenyo cha chembe, hewa hupita kando ya ukuta. Kitambuzi cha uionishaji kwa fotoni, kama ndicho unachopimia toluini inayotoka, kwa kawaida husoma pungufu penye unyevu, kwa hiyo hicho hakielezi toluini kuonekana mapema.