L4 inagoma baada ya kufunga H55F: transfa ishushwe au la?

Mleta hoja
Wakuu, chukulieni Land Cruiser 60 iliyotolewa gia boksi ya gia nne, ikafungwa H55F, gia boksi ya Toyota ya gia tano. Gari linatembea safi, ila leva ya transfa (boksi ya nyuma ya gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) ina kisirani: H4 (magurudumu manne, mwendo wa kawaida) inakwangua, L4 (manne, gia nzito ya taratibu) haiingii, na ikiingia inachomoka. Gereji nyingi hukimbilia kushusha transfa na kukuandikia seti ya gia. Nasema isiguswe kabla vya nje havijakaguliwa. Pingeni.

Fundi gia boksi
Sipingi. H55F ni ndefu, kwa hiyo transfa inarudi nyuma pamoja na leva yake (ndiyo maana propela, yaani shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli, ya nyuma hukatwa na ya mbele huongezwa). Tundu la sakafu lisipopanuliwa, leva inagota ukingo wa bati kabla kigololi chenye springi kinachoshikilia gia hakijakaa kwenye kishimo chake. Ukiwa gereji utadhani imeingia. Teremka mlima, achia mafuta, itachomoka.

Kipimo: zima injini, weka kabari, inua gurudumu moja la nyuma juu ya stendi ili propela izunguke. Fungua kiungo cha leva, sukuma fimbo ya gia ya transfa kwa mkono huku mwenzako akizungusha propela taratibu. H2 (magurudumu ya nyuma tu), nyutro, L4: kila kituo unakisikia kinapokaa. Vikikaa vyote, kosa liko kwenye leva, bushi au urefu wa kiungo.

Dereva wa porini
Mmeruka habu, vile vifungio vya magurudumu ya mbele. Zikiwa FREE (zimeachia), propela ya mbele imelala. Ukisukuma H4 gari likitembea, unaunganisha shafti inayozunguka na iliyosimama. Itakwangua hata transfa ikiwa mpya. Simama, geuza habu zote mbili LOCK (zishike). Moja ikibaki FREE, nguvu yote ya mbele inatorokea huko.

Na L4 msidanganye watu wasimame kabisa. Meno yakikutana ncha kwa ncha hayaingii. Liache liviringike kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, klachi chini, gia kuu nyutro, kisha vuta bila kusita.

Fundi gia boksi
Hapo hapana, mkuu. Hiyo inataka mkono uliozoea. Gari la kampuni lenye madereva sita, kila mmoja anavuta kivyake. Meno ya L4 hayana sinkronaiza (kifaa cha kulinganisha kasi), yanalika pembe, na hapo sasa inachomoka kwa haki. Simama, kanyaga klachi, subiri sekunde tatu hadi tano shafti itulie, hamisha. Ikigoma, ingiza gia ya kwanza, achia klachi kidogo, kanyaga tena, jaribu upya.

Dereva wa porini
Kwenye tope la kupanda, ukisimama umekwama.

Fundi gia boksi
L4 huwekwa kabla ya tope, kaka.

Muuza spea
Wote mnazungumzia mikono, hesabu je? Difu (gia za ekseli) za Land Cruiser ziko za 4.11 (meno 37 kwa 9) na za 3.70 (37 kwa 10). Mtu akibadilisha ya nyuma tu, H4 itajikaza hata kwenye barabara iliyonyooka, na leva haitatoka. Weka transfa nyutro, kabari kwenye matairi mengine, inua gurudumu moja la nyuma, lizungushe mara mbili kamili na uhesabu propela: ikizidi nne kidogo ni 4.11, ikiwa chini ya nne ni 3.70. Rudia mbele, habu zikiwa LOCK. Angalia na tairi pia: zote nne ziwe saizi moja.

Mwenye Defender
LT230, transfa ya Defender, msiichanganye humu. Ina difu ya kati, inasukuma magurudumu manne muda wote, na kwenye lami hujikaza pale tu ukiifunga hiyo difu.

Mleta hoja
Difu sikuiweka kwenye orodha yangu ya ukaguzi, naiongeza. La kuviringika bado sijashawishika. Na oili je? H55F ikivuja kwenye sili iliyo kati yake na transfa, oili huhamia transfa: gia boksi inapungua, transfa inafurika. Kabla ya kulaumu leva, fungueni bolti zote mbili za kupimia oili, ya gia boksi na ya transfa.