Naomba msaada kulitambua lori la marehemu babu (Bombo) kabla halijauzwa kwa kilo

MjukuuWaBombo
Asalaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Nyumbani kwetu Bombo, Uganda, kuna lori lililo mikononi mwa familia tangu kabla ya uhuru. Marehemu babu alibebea pamba na kahawa za Luwero na Nakaseke, na baba zangu wote wamejifunzia udereva humo. Mwaka 1979, Amin alipoangushwa na watu wa Bombo wakakimbia, magurudumu na usukani vilitolewa vikafichwa shambani. Ndiyo maana familia iliporudi ililikuta palepale, ilhali magari mengine ya mtaa yalikuwa yameshakwenda.

Sasa baba mkubwa amepata mnunuzi wa vyuma chakavu anayetaka kulipima kwa kilo. Baba mdogo yeye anataka kung'oa injini iliyomo aweke ya Isuzu. Kikao cha ukoo kimekaribia, na inaniuma kwamba tutakaa kuamua hatima ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu anayejua ni gari gani.

Wote tunaliita Bedford kwa sababu injini imeandikwa Bedford. Nimepekua picha za Bedford za zamani, hakuna hata moja inayofanana nalo. Mtandao wa huku umegoma kupandisha picha, kwa hiyo naeleza kwa maneno.

Pua ni fupi na butu. Kioo cha mbele kina vipande viwili na kimelala kinyume na magari mengine: upande wa chini umeingia ndani, wa juu umetokeza nje. Injini imeingia ndani ya kebini, dereva na abiria wanakaa huku na huku yake, na wazee wanasema mguu wa dereva ulikuwa ukiungua safari nzima. Usukani uko kulia. Juu ya kiti cha abiria paa lina kiraka cha bati cha duara kilichochomelewa. Ekseli ya mbele ina difu kama ya nyuma. Rimu zina nati nyingi zilizozunguka, mbali na zile za kufungia gurudumu. Rangi ni bluu, na pale ilipobanduka chini yake kuna kijani.

Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni), na kwetu inasimuliwa kwamba lori hili lilikwenda Abisinia (Ethiopia) na jeshi. Naomba mnaojua mnisaidie.

Kahawa_Tungu
Hiyo ni Bedford QL. Lori la jeshi la Uingereza, lilikuwa na difu mbele na nyuma. Mbona rahisi.

FundiWaKatwe
Hapana, ndugu yangu. QL haina pua kabisa, dereva amekaa juu ya ekseli ya mbele na uso wa gari ni bapa. Austin K5 nayo ni hivyohivyo. Mwenye uzi amesema pua fupi, basi ipo. Na kwa waliokuwa wanataka kusema Albion: hizo zilikuwa nyingi hapa kwetu, lakini kioo cha kulala kinyume si chake.

MjukuuWaBombo, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Halafu ingia ndani utafute kibati chenye maandishi kwenye dashibodi, hasa upande wa abiria. Kama kimefunikwa na rangi, tumia kitambaa na mafuta ya taa, pole pole. Usiguse msasa wala grainda, maandishi ya vibati vile ni mepesi sana.

Nyota_ya_Arua
Bila picha mtaumiza vichwa bure.

LoriZaKale_Nairobi
Picha itasaidia, lakini kioo pekee kimeshasema mengi.

Wakati wa vita vya pili Kanada iliunda malori kwa vipimo vya jeshi la Uingereza. Ford walikuwa Windsor, General Motors Oshawa, na kebini zilifanana kiasi kwamba kwa mbali huwezi kutofautisha Ford na Chevrolet. Jumla ya magari ya kijeshi yaliyotoka Kanada ni zaidi ya 800,000, na ya muundo huu peke yake yamepita 400,000. Wapenzi wa magari huyaita CMP, yaani Canadian Military Pattern. Kebini zilikwenda kwa namba: za 11 na 12 kioo kilisimama wima, ya 13 ndiyo iliyoinamishwa kinyume ili mwanga wa jua usimulike juu na kumwonyesha rubani wa adui. Hicho kiraka cha duara ni tundu la paa. Askari alisimama hapo kuchunga ndege. Ukiunganisha na pua fupi, injini ndani ya kebini na usukani wa kulia, mimi sina shaka: ni CMP ya kebini namba 13.

Kuhusu injini, ya asili ingekuwa V8 kama ni Ford, au silinda 6 za mstari kama ni Chevrolet. Hiyo ya Bedford iliwekwa baadaye. Bedford na Chevrolet ni ndugu, maana General Motors ilinunua Vauxhall, kampuni ya Uingereza iliyokuja kuunda Bedford, mwaka 1925, na Bedford za kwanza za 1931 zilitokana na lori la Chevrolet. Fundi aliyeibadilisha alijua anachofanya.

Kuhusu Abisinia nitasema kwa heshima, kwa sababu najua simulizi ya babu ina uzito wake nyumbani. Kebini namba 13 ilianza kuundwa Kanada mwishoni mwa 1941 hivi. Waitalia wa mwisho huko Abisinia walisalimu amri Gondar Novemba 1941. Babu mwenyewe anaweza kuwa alifika Abisinia, ila lori hili lisingewahi kufika kwenye vita hivyo.

MjukuuWaBombo
LoriZaKale, nimesoma jibu lako kwa sauti mbele ya shangazi. Amesema babu alikuwa akitaja Abisinia na pia Burma, na kwamba lori alilipata baadaye kwa tajiri wa pamba ambaye babu alikuwa akimdai mishahara. Yaani watoto ndio waliounganisha safari za babu na lori lake. Shangazi hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Sasa hiyo inaingia akilini."

Nimepima: inchi 158 na kidogo. Kibati kipo! Kilikuwa chini ya tabaka za bluu. Sehemu kubwa imeliwa na kutu, lakini inasomeka OSHAWA, na chini yake C60, herufi inayofuata haionekani.

LoriZaKale_Nairobi
Alhamdulillahi! Oshawa ni General Motors, kwa hiyo una Chevrolet. 60 ni daraja la tani 3. Herufi iliyofutika ni L, kwa sababu yenye chesisi fupi, C60S, ina inchi 134 tu. Lori la babu ni Chevrolet C60L. Mengi ya aina yake yaliuzwa kwa raia vita vilipoisha, yakabeba pamba, mbao na mawe mpaka yakafa. Lililobaki na kebini yake, tena mikononi mwa familia moja, ni nadra sana.

Sasa safisha ubavu wa chesisi kwa mbele utafute namba iliyogongwa kwenye chuma. Ukiipata waandikie watu wa Maple Leaf Up, jukwaa la mtandaoni la magari ya kijeshi ya Kanada, hao CMP ndiyo maisha yao.

Kahawa_Tungu
Nimejifunza kitu leo. Na bei yake je?

LoriZaKale_Nairobi
Bei siwezi kuitaja kwa gari ambalo sijaliona chini yake. Ninachojua ni kwamba anayenunua kwa kilo halipi kebini, wala kibati, wala tundu la paa. Analipa chuma tu.

MamaZubeda_Jinja
Mwanangu, mmezungumza vyuma tu, mimi nauliza karatasi. Logibuku (kadi ya umiliki wa gari) ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, lori hilo ni sehemu ya mirathi. Baba mkubwa hawezi kuliuza peke yake hata akiwa mkubwa wa nyumba nzima. Kwa sheria ya Uganda anayetaka kugusa mali ya marehemu anatakiwa kuwa na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na kabla ya hapo mnapitia ofisi ya Administrator General mpate cheti cha kutokuwa na pingamizi. Nyie ni Waislamu, mshirikisheni na kadhi kwenye kugawa mafungu. Anayenunua bila hayo ananunua kesi.

Na usiende kikaoni kubishana na baba mkubwa mbele ya watu. Mfuate mapema, ukae naye, umwonyeshe kibati. Mtu mzima akishajua kitu kabla ya wengine, atakitetea mwenyewe.

MjukuuWaBombo
Mama, ahsante sana. Logibuku iko kwa shangazi, jina ni la babu mpaka leo. Nitafanya kama ulivyosema.

Taniboi_wa_Zamani
Miaka ya 60 nilikuwa taniboi (utingo) kwenye lori la namna hii, njia ya Masindi. Mvua ikinyesha, malori mengine yalilala njiani na sisi tulipita, maana magurudumu yote manne yalivuta. Kupanda mlima lilikuwa zito, petroli lilikunywa sana. Lakini halikuwahi kutuacha. Nimefurahi kusikia lipo lililobaki.

FundiWaKatwe
Jambo moja ambalo lazima lisomwe na kila mtu hapo nyumbani. Zile nati nyingi za kuzunguka rimu ndizo zinazoshikanisha vipande viwili vya rimu. TAIRI IKIWA NA UPEPO USIZIFUNGUE. Rimu itaachana kwa nguvu ya kuua mtu. Toa upepo wote kwanza, toa na sindano ya vali, ndipo ufikirie kushika spana. Waambie na vijana wanaochezea hapo.

MjukuuWaBombo
Nimewaambia, na nimezipaka nati hizo rangi nyekundu.

Mrejesho: nilikaa na baba mkubwa kama Mama Zubeda alivyonishauri. Alikishika kibati muda mrefu, akauliza Kanada ni wapi hasa, kisha akampigia simu yule mnunuzi kumwambia asije. Kikaoni ni yeye aliyesema lori lisiguswe hadi mambo ya mahakama yaishe. Baba mdogo amekubali kungoja, ila anauliza kama injini ya Bedford inaweza kuamka.

FundiWaKatwe
Inaweza, msiikimbilie. Mwageni petroli ya zamani yote kwenye tangi. Toeni plagi zote sita, mimina mafuta ya injini kidogo katika kila tundu, yaacheni yashuke siku kadhaa. Baadaye zungusheni kwa hendeli kwa mkono, plagi zikiwa bado nje. Msilivute kwa gari lingine hata kidogo, pistoni ikiwa imeshika mtavunja kitu kisichopatikana kwenye maduka ya spea ya Kisenyi wala Kiseka, Kampala.

MjukuuWaBombo
Plagi tano zimetoka. Ya sita imekatika shingoni, imebaki ndani.

FundiWaKatwe
Iacheni hivyo hivyo, msiipige patasi. Nina kazi Wobulenzi wiki ijayo, nitapitia kwenu na vifaa. Nitumie namba ya simu ya baba mdogo kwa faragha.