Kokoa: jeni la bakteria liwekwe ndani ya mti, au dawa ya kupulizia inatosha?

Mleta mada:
Wakuu, ukitaja Bt tu, watu wanakimbilia ugomvi wa GMO (mazao yaliyobadilishwa jeni). Bt ni bakteria wa udongoni. Kiwavi akila protini yake, inayeyuka kwenye utumbo wake wenye magadi na kuutoboa, anaacha kula, anakufa siku chache baadaye. Sisi tumboni tuna asidi, haitupati. Hata kilimo hai kinaruhusu kuipulizia, na Kibaha kuna kiwanda kinachotumia ndugu yake kuua viluwiluwi vya mbu.

Sasa twende Sulawesi, Indonesia. Kule adui ni kiwavi mtoboa matunda, Conopomorpha cramerella. Nondo anataga juu ya ganda. Kiwavi akianguliwa anatoboa palepale hadi ndani, na ukipasua tunda unakuta mbegu zimegandamana, hazibanduki. Dawa iko nje, yeye kashaingia. Tena jua na mvua vinaimaliza upesi. Ndiyo maana wapo wanaosema jeni la Bt liwekwe kwenye mti wenyewe, mti utengeneze ile protini. Mngekubali?

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi hapana. Mkokoa unakaa shambani miaka 30 na zaidi, mdudu ana muda wote wa kuizoea sumu. India, funza mwekundu wa pamba alishaizoea Bt, na pamba ni zao la msimu! Halafu kuna kokoa ya Kyela inayouzwa Ulaya kama ya kilimo hai. Kule GMO haiingii kwenye kilimo hai. Bei ikishuka, nani atamfidia mkulima?

Mchangiaji wa pili:
Mnahangaika na kiwavi. Ghana na Ivory Coast kinachowatesa ni mirid, mdudu wa ukoo mmoja na mbu wa mikorosho. Yule anafyonza utomvu, hatafuni ganda. Pulizia Bt mpaka uchoke.

Mleta mada:
Mkuu, hapo umeisaidia hoja ya jeni. Anayefyonza anafikiwa na kilicho ndani ya mmea. Marekani wana pamba yenye protini ya bakteria iliyorekebishwa kumpunguza Lygus, naye ni mirid.

Ila kwenye soko nakubaliana na wa kwanza. Mtoboa matunda yule Afrika hayupo, kwa hiyo Kyela kuhatarisha bei kwa ajili yake ni ujinga. Wa Sulawesi wana haki ya kujaribu. Kwa sasa wanaambiwa wavune mara kwa mara na kufukia maganda, kazi ngumu kweli. Mwenye mirid shambani aje aseme anapulizia nini.