Kanibandikia PLASTA kwenye taa ya upepo, halafu kanitoza hela ya umeme!

Mzee wa Kabini Mbili
Wakuu, salamu mtanisamehe, nitasalimia nikitulia. Muda huu naandika mikono ina grisi, viatu vina vumbi la Mikumi, na shemeji yangu hajanisemesha tangu Doma.

Namsema yule fundi. Mnamjua. Jina sitaji, sina haja. Yule wa chini ya mwembe, mwenye kompresa inayokohoa kuliko babu yangu, ambaye kila gari likiingia lazima aseme "hizi nishafunguaga sana". Huyo huyo.

Jumanne nampelekea pikapu. Dizeli, kabini mbili, imetoka Uingereza, nimeilea kama mtoto wa kwanza. Taa ya upepo imewaka kwenye dashibodi, ile ya njano yenye umbo la chungu kilichovunjika mdomo, katikati alama ya mshangao. Mimi si fundi, lakini kitabu cha gari nimekisoma: ikiwaka ile, kuna tairi limepungua upepo. Nikamwambia, "Fundi, nipimie upepo tairi zote nne." Sentensi moja. Haina fumbo, haina methali.

Akaenda tairi la nyuma kulia. Geji hakushika. Akalipiga TEKE. Akainamisha sikio kama daktari anayesikiliza mapafu. "40 hiyo, bosi." Akaenda la kushoto, teke. "40 na kitu." Na kitu! Mguu wake unasoma mpaka pointi!

Nikamuuliza, sasa mbona taa haizimi? Hapo ndipo wakuu. Hapo. Akaingia ndani, akakalia siti yangu na ovaroli lake lile, akaikodolea taa macho, akajipapasa mfukoni, akatoa plasta. Plasta. Ya kidonda. Akabandua karatasi yake kwa meno, akaibandika juu ya taa, akaikandamiza kwa kidole gumba ishike vizuri. Kisha akanigeukia: "Taa za Wazungu hizi, bosi, zimetengenezwa kwa baridi ya kwao. Usichokiona hakikusumbui."

Elfu kumi. Namuuliza ya nini, anasema "umeme".

Tangu lini plasta ikawa umeme??

Haya. Nikaenda zangu Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu. Gunia tisa tu. Wakati wa kurudi, katikati ya Mikumi, ndani kabisa ya hifadhi, pale ambapo hata ukibanwa haja unaambiwa vumilia mpaka tutoke, tairi la nyuma kulia likalia PAAA. Lile lile la "40 hiyo, bosi". Limechanika ubavu mzima, linaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbizwa. Mimi niko chini nafungua nati, shemeji kasimama juu ya magunia anaangalia simba, silaha yake mwavuli. Ng'ambo ya lami nyani wamekaa mstari kama kamati ya harusi, mkubwa wao kakunja mikono. Dakika kumi hazijaisha, kamati ikavuka kuja kudai michango. Gunia moja wamegawana mbele ya macho yangu.

Na kila nikichungulia ndani ya gari naiona plasta. Imeshika. Haijabanduka hata pembe. Nyuma yake najua taa inawaka, imewaka njia nzima kwenda na kurudi, inapiga kelele na mdomo umezibwa kwa PLASTA.

Angalau angebandika tepe nyeusi, ile hela ya umeme ningeielewa!

Siti ya Mbele
Nimewahi namba moja. Narudi kusoma.

Kijiwe Nongwa
Bila picha ya plasta hii ni chai.

Mzee wa Kabini Mbili
Picha hiyo hapo. Sijaibandua, ndiyo ushahidi wangu.

Kijiwe Nongwa
Mkuu, mbona ni ya watoto? Ina dubu! Fundi kakuwekea mpaka ya kukubembeleza.

Dada Spana
Mleta uzi pole. Ilikuwa inawaka na kutulia, au inamemeta kwanza kama dakika moja ndipo inatulia? Ikimemeta kwanza, mara nyingi mfumo wenyewe una hitilafu, labda betri ya sensa iliyomo ndani ya tairi imekwisha, zile huwa zinaenda miaka mitano mpaka kumi. Ikiwaka na kutulia moja kwa moja, upepo umepungua kweli. Tena kwa sheria ya Marekani taa inaruhusiwa kunyamaza mpaka tairi lipoteze robo ya upepo unaopendekezwa. Stika ya mlangoni ikisema 35, unapoiona taa huenda uko kwenye 26. Wewe ukaongeza na vitunguu juu. Tairi lenye upepo mdogo likibeba mzigo linajikunja ubavuni kila likizunguka, linachemka, mpira na nyuzi za ndani vinaachana. Ndiyo huo mlio uliousikia. Wamarekani walitunga sheria ya hizo taa mwaka 2000 baada ya ule mkasa wa tairi za Firestone kwenye Ford Explorer, watu walikufa wengi. Si mambo ya baridi.

Mzee wa Rumbesa
Dada Spana unafungua darasa msibani.

Mzee wa Kabini Mbili
Iliwaka ikatulia dada. Ilinitazama kama mama mkwe. Na yeye mama mkwe akambandika plasta ya dubu usoni.

Bwana Hesabu
Nina swali dogo kwa mleta uzi. Umemwona mtu anapima upepo kwa teke, ukanyamaza. Umemwona anabandika plasta, ukanyamaza. Ukatoa elfu kumi, ukapanda gari, ukaenda Ruaha Mbuyuni. Kati ya wewe na ile taa, aliyezibwa ni nani?

Kijiwe Nongwa
Plasta ilikuwa ya mleta uzi, imekosea anwani.

Mzee wa Kabini Mbili
Bwana Hesabu, ungekuwepo ungenyamaza na wewe. Mtu akifanya jambo la ajabu kwa kujiamini vile unabaki unajiuliza labda wewe ndiye hujui. Aliikandamiza kwa kidole gumba! Polepole, kama muuguzi!

Lita Moja
Afadhali yako ya plasta. Mimi wiki iliyopita kwenye ile sheli, mnaijua, ile ambayo choo chake kisafi kuliko mafuta yake. Kijana wa pampu yuko kwenye simu anambembeleza mtu, "basi mama, nisamehe, sirudii," huku kanichomekea petroli kwenye pikapu ya dizeli. Lita 40! Na kwenye kifuniko nimeandika DIZELI kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe. Bomba la petroli ni jembamba, linaingia kwenye tundu la dizeli kama limealikwa. La dizeli ndilo nene, kwenye gari la petroli linagoma. Nimeshtuka nimeshawasha, nimeshaingia barabarani, injini inagonga kama kuna mtu ndani anaomba kufunguliwa. Pampu ya presha imekwenda, injekta nne zimekwenda. Kijana ananiambia, "Si yote mafuta, mzee?"

Siti ya Mbele
"Si yote mafuta" 😂😂 nimelala chini

Dada Spana
Ukigundua bado uko pale pampuni, usifungulie hata swichi. Sukuma gari pembeni, tangi limwagwe lote. Ile pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli inaikausha, vyuma vinalana. Ukishawasha, vipande vya chuma vinasafiri mpaka kwenye injekta.

Lita Moja
Dada ushauri wako umefika wiki moja imepita.

Petroli Daima
Ndiyo maana mimi nina Hilux ya petroli, ile 2.7. Injekta za dizeli za kisasa bei ya kiwanja. Kwangu mimi ni plagi, oili, naondoka. Mtu asiyebeba mzigo kila siku, dizeli ya nini? Mnapenda ule mngurumo tu.

Mzee wa Rumbesa
Hiyo 2.7 yako ipakie tani moja uipandishe Kitonga. Inakunywa kama bwana harusi aliyekimbiwa. Mimi nina dizeli yenye injini ya 5L, hilo ni jina tu, ukubwa wake lita tatu, pampu ya kizamani, haina kompyuta, haina taa ya upepo, kwa hiyo haina haja ya plasta. Mafuta ya kwenye madumu imekula, iliyokaa kwenye pipa miezi imekula. Inatoa moshi kidogo, inasamehe.

Petroli Daima
Moshi kidogo? Mzee, ukipita wewe kuku wanajua ni saa ya kulala.

Dada Spana
5L haichagui kweli, lakini msiwadanganye wenye gari za sasa. Dizeli za siku hizi mafuta yanasukumwa kwa presha kubwa sana kupita kwenye vitundu ambavyo jicho halivioni vizuri. Zinataka mafuta safi. Hata nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, hasa kupunguza moshi mchafu. Ukiweka ya dumu iliyochanganywa na mafuta ya taa, umepunguza ulainisho. Leo umeokoa shilingi, kesho unanunua pampu.

Lita Moja
Fundi mmoja aliniambia mafuta ya taa kidogo yanaipa injini wepesi.

Bwana Hesabu
Chini ya mwembe?

Lita Moja
...Chini ya mwembe.

Mzee wa Kabini Mbili
MNAONA??? Ndiye huyo! Hata mimi aliniambia, wakati anabandika ile plasta!

Jirani wa Namanga
Nyinyi mnalia na fundi, sisi huku Kenya 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ndio watu waache kuchanganya na dizeli. Sasa shosho wangu na stovu yake ndiye analipia makosa ya wenye malori. Hiyo plasta ni kitu kidogo sana, ndugu.

Bwana Hesabu
Jirani, sisi ya kwetu tuliipandisha kodi 2011. Usituletee uji uliopoa.

Jirani wa Namanga
Sawa, lakini wa kwetu una sukari.

Petroli Daima
Tukiongelea mafuta, ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei huwa mnaenda kupanga foleni Jumanne usiku kama mimi? Au nimechanganyikiwa peke yangu?

Siti ya Mbele
Kwenye foleni ya Jumanne mwezi uliopita kuna jamaa alikuja na beseni.

Mzee wa Kabini Mbili
Wakuu turudi kwenye mada. PLASTA. Mtu mzima, mwenye watoto, kafungua plasta kwa MENO.

Msimbazi Damu
Taa ya njano imefunikwa. Mimi kama Simba nampongeza fundi.

Jangwani Damu
Njano ilisema ukweli mkaiziba mdomo, matokeo mmeyaona. Kawaida yenu.

Msimbazi Damu
Angeweka nembo ya Mnyama kioo cha nyuma, nyani wasingevuka lami.

Jangwani Damu
Wangevuka kuja kumpa pole.

Shangazi wa Mbezi
Mleta uzi, samahani mwanangu, nimesoma yote, pole sana. Hivyo vitunguu ni vya Mbuyuni kweli, vile vyekundu vikavu? Maana hapa sokoni tunauziwa vyenye maji, siku tatu vimeota majani.

Mzee wa Kabini Mbili
Shikamoo Shangazi. Ni vya Mbuyuni, vikavu kabisa. Lakini naomba tukae kwenye uzi, hapa naongelea uhai wangu.

Shangazi wa Mbezi
Marahaba. Nimekuelewa baba. Vimebaki gunia ngapi?

Mzee wa Kabini Mbili
Kumi na mbili.

Bwana Hesabu
Subiri kidogo. Ulipakia tisa. Nyani wakachukua moja. Zimebaki kumi na mbili?

Kijiwe Nongwa
Nyani walirudisha na riba.

Dada Spana
GUNIA KUMI NA TATU? Kwenye pikapu ya tani moja? Na ni rumbesa, usinidanganye!

Mzee wa Rumbesa
Muacheni kijana. Rumbesa si dhambi, ni heshima kwa mteja.

Mzee wa Kabini Mbili
Dada, nyingine zilikuwa ndogondogo. Halafu mnahamisha goli. Tairi lingekuwa na 44 za nyuma kama stika inavyosema ukiwa na mzigo, lingebeba. Yeye kasema 40 kwa teke. Nimepima leo hilo la kushoto, la "40 na kitu", kwa geji ya jirani. 27. Hicho "kitu" kilikuwa cha kutoa!

Bwana Hesabu
Geji ya jirani. Kwa hiyo geji ipo jirani, muda wote.

Shangazi wa Mbezi
Mimi niwekee mbili, na dada yangu wa Kibamba anataka moja. Unaleta au nitume kijana na guta?

Petroli Daima
Na mimi nusu gunia kama unagawa. Ila usije na dizeli yako getini kwangu saa kumi na moja asubuhi, mtoto analala.

Mzee wa Kabini Mbili
Nitaleta mwenyewe Shangazi, kesho saa mbili. Nimefunga tairi la spea, linaenda vizuri. Wengine wanaohitaji wanicheki pembeni, tusijaze uzi.

Dada Spana
Spea umeipima upepo? Na taa sasa hivi inasemaje?

Mzee wa Kabini Mbili
Sijui dada. Plasta bado imeshika.