Supavaiza hataki nirudie utafiti wa zamani, nikomae au nibadili topiki?

Wakuu habari za jioni. Nipo masta ya saikolojia mwaka wa pili, chuo sikitaji. Nataka kupima hapa bongo ile nadharia kwamba utashi unachoka kama msuli. Mwanasaikolojia Baumeister na wenzake 1998 waliwaweka watu wenye njaa chumba kinachonukia biskuti za chokoleti, wengine wakaruhusiwa kula, wengine wakaambiwa biskuti msiguse, kuleni figili. Kisha wakapewa fumbo lisilo na jibu, wa figili wakaacha baada ya dakika 8 hivi, wa biskuti karibu 19. Sasa 2016 maabara 23 zikaipima nadharia hiyo kwa watu zaidi ya 2,000, tofauti ikawa karibu na sifuri. Andiko langu nikalipa kichwa "Kupinga nadharia ya utashi kuchoka". Mzee supavaiza kuona hivyo kapiga mstari mwekundu ukurasa mzima, pembeni kaandika "wewe nani?" Kafundisha hiyo kitu miaka na miaka. Nisaidieni, mwisho wa kukusanya maandiko ni mwezi ujao.

Takwimu_Chungu: Pole mkuu. Kosa lako umeandika "kupinga", andika "kupima". Halafu usimwonee mzee, Baumeister mwenyewe alilalamika kwamba lile zoezi la kompyuta walilotumia zile maabara 2016 silo la kupima kitu chake. Iweke hiyo hoja kwenye andiko tena mapema kabisa, aone umemsikiliza. Na mpango wako usajili kabla hujagusa data, utapima watu wangapi na kwa kipimo kipi, asije akasema umechakachua.

BibiWaPanya: Hii ya maprofesa ni ya zamani. Mwanasaikolojia John Garcia aliwanywesha panya maji matamu, akawapiga mionzi, wakaumwa baadaye, basi maji yale hawakuyataka tena. Wenye nadharia wakasema haiwezekani, panya hajifunzi kama adhabu imechelewa hivyo, na majarida yakamrudishia makala. 1979 chama cha wanasaikolojia Marekani kikampa tuzo. Sasa wewe una mwezi mmoja tu 😂 ongea na mratibu wa masta taratibu, sio kwa kushtaki.

kijana_wa_pwani: Figili utawapa wabongo kweli? Weka maandazi ya moto na karoti mbichi.

Mleta uzi: Asanteni wakuu. Nimebadili kichwa, nimeweka na malalamiko ya Baumeister ukurasa wa pili. Nimempelekea leo, kasoma mpaka hapo, kauliza "hii umeitoa wapi?" kisha kasema niache mezani. Maandazi nimeyachukua.